Tromelin: kilomita moja ya mchanga, bahari nusu ya Kenya

Bahari ikipwa siku za bamvua, mbele ya Nyali na Bamburi mchanga huchomoza ndani ya maji, upande wa huku wa mwamba. Vijana wa boti za vioo huwapeleka wageni wakapige picha, muuza madafu naye hufika na madafu yake, na baada ya saa chache maji hujaa na fungu lote likarudi chini. Hakuna anayelidai kwa hatimiliki. Ni mchanga tu, na msimu ujao huenda likachomoza kando ya pale lilipo sasa.

Lichukue fungu kama hilo, ulipandishe kidogo lisifunikwe na maji, ulipeleke mbali na pwani yoyote, nawe utakuwa umekikaribia kisiwa cha Tromelin. Kiko kama kilomita 450 mashariki ya Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu, na zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya Réunion. Urefu wake ni mita 1,700 hivi, upana mita 700, na mahali palipoinuka kuliko pote pana mita 7, hata mnazi mzima hapaufikii. Eneo lote ni kilomita moja ya mraba. Kisiwa cha Mombasa kingekimeza mara kumi na nafasi ikabaki. Hakina bandari, hakina kijito, hakina mti wa kukaa chini yake mtu akapunga upepo, na hakuna anayeweza kusema kwao ni pale.

Na bado Mauritius inakidai kutoka kwa Ufaransa tangu 1976, na kimetajwa ndani ya katiba ya Mauritius kwa jina lake. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa neno moja: samaki. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka mengi. Kisiwa cha mchanga kwa maumbile yake hakitulii, ilhali matumizi yote ambayo binadamu amekipangia yanataka kitulie. Mvutano huo ndio unaofanya habari ya Tromelin iwe ndefu kuliko kisiwa chenyewe.

Mchanga unakotoka

Pale Malindi mchanga mwingi huletwa na mto Sabaki, ndiyo maana mvua zikinyesha bara bahari ya huko hugeuka kahawia. Tromelin haina mto wa kuiletea chochote. Chini yake kuna mlima wa volkano uliokwisha kuzimika, umesimama kutoka kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha mita 4,000 hivi. Juu ya kilele cha mlima huo matumbawe yalijenga mwamba, na juu ya mwamba ndipo mchanga ulipotulia, kama kutulia ni neno lake. Karibu kila chembe iliwahi kuwa sehemu ya kiumbe: tumbawe lililovunjika, gamba la kome, mwani wenye chokaa, na vijidudu vya baharini vyenye magamba madogo mno.

Fundi mkubwa wa kutengeneza mchanga wa namna hii ni samaki tunayemjua vizuri. Nenda soko la samaki la Mji wa Kale asubuhi, umtafute pono kati ya tafi na changu. Meno yake ya mbele yameungana yakawa mdomo mgumu unaoweza kuuma jiwe. Ukimpasua, usiishie kwenye matumbo, angalia na kooni: utakuta meno mengine, mapana, yamepangwa juu na chini kwa ajili ya kusaga tu. Pono huguguna mwamba akitafuta mwani, husaga na jiwe lenyewe, na kinachomtoka nyuma ni mchanga mweupe laini. Utafiti uliofanywa kwenye kisiwa kimoja cha Maldives ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya kwenye mwamba wa nje ilitokana na pono. Mgeni anayejilaza kwenye mchanga wa Diani si lazima aambiwe habari hii kabla hajala chakula cha mchana.

Mchanga ukishapatikana, kazi inayobaki ni kuuzuia usiondoke. Upepo unaoipiga Tromelin sehemu kubwa ya mwaka hutoka kusini mashariki. Pepo hizohizo zinapokaribia ikweta hujipinda, zikatufikia huku kuanzia mwezi wa Aprili, nasi tukaziita kusi. Mawimbi yake huupiga upande mmoja wa kisiwa na kuusukuma mchanga kuelekea upande wa pili. Msimu wa vimbunga ukiingia mawimbi hubadilisha njia na mchanga nao huhama tena. Kwa hiyo fukwe na ncha za kisiwa hunenepa na kukonda, ingawa mwili wake wa katikati hubaki pale pale.

Vinavyoushika mwili huo ni vitu viwili. Cha kwanza ni mchanga wenyewe kuganda. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji huzishikanisha chembe hadi ukatokea mwamba wa tabaka kwenye ukingo wa maji, mgumu kiasi cha kuchongwa mabamba ya kujengea. Cha pili ni vichaka vifupi vya majani manene yenye rangi ya kijivu, vyenye uwezo wa kunywa chumvi na kuvumilia upepo bila kulalamika. Mimea mingine ni michache, mingi yake ya kutambaa.

Kisha kuna suala la maji ya kunywa, ambalo ndilo lililokuja kuamua nani aishi na nani afe. Mvua ikinyesha juu ya mchanga huzama moja kwa moja, lakini haipotei. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, basi huelea juu yake, humo humo ndani ya ardhi, yakafanya tabaka nene katikati na jembamba pembeni. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Mji wa Lamu umeishi hivyo: maji yake hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ndiyo sababu watu wa Lamu hupiga kelele kila akitokea mtu anayetaka kujenga juu ya vilima. Tromelin ni nyembamba mno kuweza kuweka akiba ya namna ya Shela. Kisima chake hutoa maji ya chumvichumvi, yale ambayo mtu wa Mombasa akiyaonja atasema ni ya kuogea, lakini hayamuui anayeyanywa.

Wenyeji halisi wa kisiwa ni ndege wakubwa wa baharini wanaotaga pale pale chini au kwenye vichaka, kaa wanaotembea na magamba ya kome mgongoni, na kasa. Kasa jike hupanda usiku, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, akafukia mayai, akarudi baharini asiyaone tena. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama atakayeanguliwa atakuwa dume au jike: mchanga ukiwa na joto zaidi, majike huzidi. Kasa waliowekwa alama kwenye visiwa vya upande huu wa Bahari ya Hindi wamewahi kuonekana kwenye malisho ya nyasi za bahari ya Madagaska na pwani ya Afrika. Mchanga wa kisiwa kisicho na watu unatulisha na sisi, kwa njia ya mbali.

Panya walifika na meli, kama walivyofika kila mahali, wakala mayai na makinda. Mwaka 2005 waliangamizwa kwa sumu, na ndege wakaanza kuongezeka tena. Ni moja ya kazi chache ambazo binadamu amezifanya Tromelin bila kuharibu kitu kingine.

Walioachwa

Wafaransa walikiona kisiwa hiki mwaka 1722, wakakiita Kisiwa cha Mchanga, wakapita. Kukiandika kwenye ramani lilikuwa jambo jepesi, kukiandika mahali pake halisi ndiko kulikoshinda. Wala tusiwacheke watu wa karne ya 18. Mwaka 2012, pamoja na setilaiti zote zilizoko angani, meli ya wanasayansi wa Australia ilikwenda kutafuta kisiwa kingine kiitwacho cha mchanga, katika Pasifiki, karibu na New Caledonia. Kilikuwa kwenye ramani za kompyuta na za karatasi. Walipofika walikuta maji matupu yenye kina cha zaidi ya mita 1,000.

Meli ya L'Utile haikuwa na bahati ya kukuta maji matupu. Ilikuwa ya Kampuni ya Kifaransa ya India, nahodha wake Jean de Lafargue. Mwezi Julai 1761 ilipakia Wamalagasi wapatao 160 huko Foulpointe, mashariki ya Madagaska, ikiwapeleka utumwani Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Ilikuwa magendo. Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, na gavana alikuwa amekataza kuingiza watumwa wapya akihofia kisiwa kuzingirwa na chakula kupungua. Meli ilikuwa na ramani mbili, na ramani hizo zilitofautiana juu ya mahali kilipo Kisiwa cha Mchanga. Usiku wa tarehe 31 Julai ikapanda mwamba.

Wamalagasi walikuwa chini ya sitaha, milango imefungwa. Wengi walizama humo. Waliotoka ni wale ambao mbao za meli zilipasuka karibu nao. Siku za kwanza hapakuwa na maji, na baadhi ya waliosalimika na bahari wakafa kwa kiu kabla kisima hakijachimbwa. Lafargue alirukwa na akili, uongozi ukashikwa na msaidizi wake, Barthélemy Castellan du Vernet. Kwa mbao za mabaki walijenga chombo kipya ndani ya muda wa miezi miwili, Wamalagasi wakisaidia kazi. Tarehe 27 Septemba Wafaransa 122 waliondoka wamebanana ndani yake. Wamalagasi wapatao 60 waliachwa na chakula cha miezi mitatu na ahadi kwamba watarudiwa.

Castellan aliomba meli ya kwenda kuwachukua. Gavana Desforges-Boucher alikataa: amri yake ilikuwa imevunjwa, na hao walioachwa walikuwa ushahidi wa kuvunjwa kwake. Ahadi ikalala. Miaka kumi na zaidi baadaye meli iliyokuwa ikipita iliona watu kisiwani na habari ikafika Île de France. Meli zilizotumwa zilishindwa kutia nanga, maana kina huanguka ghafla karibu na ufuko na mawimbi hayatoi nafasi. Katika jaribio moja mashua ilivunjika, baharia mmoja akaogelea kuirudia meli, mwenzake akabaki kisiwani. Huyo naye akaunda chelezo na kuondoka na wanaume watatu na wanawake watatu, hawakuonekana tena. Hatimaye tarehe 29 Novemba 1776 meli ya La Dauphine, chini ya Chevalier de Tromelin, iliwafikia waliobaki. Walikuwa wanawake saba na mtoto wa kiume wa miezi minane. Walikuwa wamevaa nguo za manyoya ya ndege yaliyosukwa, na moto wao ulikuwa haujazimika kwa miaka 15.

Kisiwa kilipewa jina la nahodha aliyewachukua. Mtoto alibatizwa kwa jina la Musa, na wote wakatangazwa kuwa watu huru. Mwaka 1781 mwanafalsafa Condorcet aliieleza habari yao alipokuwa akiandika kupinga utumwa, na kwa njia hiyo ikajulikana Ulaya.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo halitajwi sana pamoja na habari hii. Septemba 1776, miezi miwili na ushei kabla wanawake wale hawajaokolewa, Mfaransa mwingine, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vilevile vya Wafaransa. Kwa hiyo siku Tromelin ilipokuwa ikiondolewa mateka wake wa mwisho, soko lililowapeleka pale lilikuwa likipanuliwa kuja kwetu. Sisi tunaopita Kengeleni kila siku tukielekea Nyali, palipoanzishwa Frere Town karne moja baadaye kwa ajili ya walioachwa huru, tuna haki ya kuisoma habari ya Tromelin kama ya jirani.

Kuanzia 2006 timu ya wanaakiolojia iliyoongozwa na Max Guérout ilikwenda kuchimba. Waliotembelea Fort Jesus wakaona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama 1697 mbele ya ngome, watakuwa na picha ya kazi yenyewe: vitu vidogo, vilivyochakaa, vinavyosema mengi. Tromelin walikuta nyumba za mawe, kuta zake zikiwa na unene wa mita moja na nusu, zimejengwa kwa matumbawe na yale mabamba ya mchanga ulioganda. Katika desturi za Wamalagasi wa wakati huo jiwe lilikuwa la makaburi, walio hai walikaa nyumba za miti na majani. Kwa hiyo vimbunga viliwalazimisha waishi ndani ya kitu ambacho kwao kilifanana na kaburi. Walikuta mifupa ya ndege na ya kasa kwa wingi, ndicho chakula. Walikuta vyombo vya shaba vilivyotobolewa na matumizi vikazibwa kwa vipande vya shaba na ribiti, kiraka juu ya kiraka. Walikuta pia bangili. Mtu aliyeachwa kwenye mchanga bila mti wala tumaini la jahazi alichukua muda wake akajitengenezea pambo.

Mstari kwenye maji

Turudi kwenye ugomvi wa leo, ambao ukiusikiliza huwezi kudhani unahusu mahali hapo hapo.

Mwaka 1814, kwa Mkataba wa Paris, Ufaransa iliiachia Uingereza Île de France pamoja na visiwa vilivyo chini yake. Mkataba unavitaja kwa majina Rodrigues na Shelisheli. Tromelin haimo. Mauritius, iliyopata uhuru mwaka 1968, inasema majina yale yalikuwa mifano tu, na kila kilichotawaliwa kutoka Île de France kilikwenda pamoja nayo. Ufaransa inasema ambacho hakikutajwa hakikutolewa, na kwamba tangu 1954 imeweka pale kituo cha hali ya hewa, na bendera yake haijashuka. Wanasheria wamekula mishahara mizuri juu ya sentensi moja ya mkataba huo.

Lakini hadi miaka ya 1970 ugomvi wenyewe haukuwa na uzito, maana hapakuwa na cha kugombania. Kilichobadilika ni sheria ya bahari. Nchi zilianza kukubaliana kwamba kila mwenye pwani ana haki juu ya samaki na madini hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi, na mwaka 1982 jambo hilo likaandikwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Ndiyo inayoitwa ukanda wa kiuchumi wa bahari. Hesabu yake inatisha. Chukua nukta moja tu katikati ya bahari tupu, chora duara la maili 200: unapata zaidi ya kilomita za mraba 430,000. Nukta yenyewe inaweza kuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira.

Tromelin haipati duara zima kwa sababu Madagaska, Réunion na Mauritius ziko karibu kiasi cha kukutana nayo katikati. Hata hivyo kinachobaki ni kama kilomita za mraba 280,000. Kenya yote, nchi kavu pamoja na maziwa yake, Mombasa hadi Turkana, ni 580,000. Na bahari ambayo Kenya kwa kawaida huhesabu kuwa ukanda wake ni 142,400. Kwa maneno mengine, mchanga mtupu usio na mwenyeji unaleta bahari karibu mara mbili ya ile inayoletwa na pwani nzima kutoka Vanga hadi Kiunga. Sisi tulioufuata mvutano wa Kenya na Somalia hadi hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Oktoba 2021 tunajua jinsi mstari wa kuchorwa juu ya maji unavyoweza kuchemsha damu za watu ambao hawajawahi kwenda huko.

Humo baharini anapita jodari. Jodari hana uraia, leo yuko maji ya Shelisheli na mwezi ujao yuko kwingine, lakini meli inayomvua lazima iwe na leseni ya mwenye maji. Hapo ndipo pesa ilipo.

Sasa sheria hiyohiyo iliweka breki. Kifungu cha 121 kinasema kwamba miamba isiyoweza kukaliwa na watu wala kuwa na uchumi wake yenyewe haipati ukanda wa kiuchumi. Inapata maili 12 tu za pembeni. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua hasa kifungu hicho kina maana gani. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi katika kesi ya Ufilipino na Uchina ililazimika kukifafanua. Ilikitazama Itu Aba, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika mafungu ya Spratly ya Bahari ya Kusini ya Uchina, chenye visima, mimea na wafanyakazi wa serikali ya Taiwan. Ikasema hapana, hata hicho ni mwamba. Askari na watumishi wanaoletewa chakula kutoka nje hawahesabiki, wala vibarua waliokuja kuchota mbolea ya ndege wakaondoka. Kinachotakiwa ni uwezo wa mahali penyewe kubeba jamii ya watu iliyotulia.

Uamuzi huo unawabana waliokuwa kwenye kesi tu, lakini ipime Tromelin kwa kipimo hicho. Wanaokaa pale leo ni watumishi wachache wa mamlaka ya Kifaransa inayosimamia visiwa vya mbali vya kusini, wanapokezana, mahitaji yao yakija kwa ndege kutoka Réunion kwenye kiwanja cha ardhi kilichosafishwa katikati ya vichaka. Kwa mantiki ya 2016 hao hawahesabiki. Watu pekee waliowahi kuishi Tromelin kwa kutegemea Tromelin, maji ya kisima chake, ndege wake, kasa wake, ni wale Wamalagasi. Miaka 15 bila kuletewa chochote. Mwanasheria mkavu anaweza kusema: basi panakalika. Mwingine atamjibu kwamba 60 walipungua wakabaki wanane, na jamii ya namna hiyo si jamii iliyotulia. Mimi naona wote wawili wangefanya vizuri kuliacha jambo hilo, maana kuyageuza mateso ya watu waliotupwa kuwa kithibitisho cha haki ya kuvua jodari ni kuwatumia mara ya pili.

Ila hawatabishana hivyo, kwa sababu nyepesi: hakuna kati yao anayetaka Tromelin iitwe mwamba. Ufaransa inataka kisiwa na bahari yake. Mauritius nayo inataka kisiwa na bahari yake. Kikiitwa mwamba wote wanapoteza, na sehemu ya bahari ile inageuka kuwa ya wote. Swali gumu kuliko yote juu ya Tromelin ndilo lisilo na wa kuliuliza.

Mwaka 2010 walikaribia kuelewana. Walitia saini makubaliano ya kukisimamia pamoja: samaki, utafiti na mazingira, kila mmoja akibaki na dai lake la umiliki. Kwa macho ya mtu wa kando, ni suluhisho la watu wazima. Lakini Bunge la Ufaransa halikuyaidhinisha. Januari 2017 yaliondolewa kwenye ratiba baada ya wabunge kupiga kelele kwamba ukiachia kidole kwa Mauritius, kesho Madagaska itadai mkono mzima, maana nayo ina madai yake juu ya visiwa vingine vidogo vinavyoizunguka. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Kati ya matumizi yote ya kisiwa, lenye faida iliyo wazi kwa watu wengi ni lile la kituo cha hali ya hewa. Tromelin iko kwenye njia ya vimbunga vinavyoelekea Madagaska, na vipimo vyake vya upepo na mgandamizo wa hewa huingia kwenye kazi ya kituo cha Réunion, kinachofuatilia vimbunga vya upande wote huu wa bahari. Sisi tulio karibu na ikweta tulizoea kuviona vimbunga kuwa balaa la wengine, hadi Mei 2024, Hidaya ilipoelekea Tanzania na wavuvi wa pwani ya Kenya wakaambiwa wasitoke. Aliyetaka kujua kinakwenda wapi alikuwa akisoma taarifa za Réunion.

Limebaki suala la mchanga na bahari inayopanda. Visiwa vya namna hii haviko kwenye foleni ya kuzama siku moja vyote kwa pamoja, kama mitandao inavyopenda kusema. Vipimo vya visiwa vingi vya mchanga vya Pasifiki na Maldives vimeonyesha kuwa kadhaa vimebaki na ukubwa wao au kuongezeka katika miongo ya karibuni, kwa sababu mawimbi huuondoa mchanga na kuurudisha uleule. Sharti ni mwamba uwe hai na pono wawepo. Maji yakipata joto kupita kiasi matumbawe hupauka, kama yalivyopauka sana katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, pwani yetu ikiwemo. Kisiwa kilichonyimwa mchanga mpya hula akiba yake.

Na kikila akiba hadi ikaisha, ile bahari ya kilomita za mraba 280,000 inakuwa ya nani? Wanasheria walikuwa wamegawanyika: pwani ikisogea, mstari unaopimwa kutoka pwani si lazima usogee nao? Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake juu ya wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi, na ndani yake ikasema kwamba nchi iliyokwisha kuweka mistari yake kwa utaratibu na kuiwasilisha hailazimiki kuibadilisha bahari inapopanda. Nchi za visiwa vya Pasifiki, ambazo watu wake wanaishi juu ya mchanga wa namna hii na hawana kwingine, zilikuwa zikilidai jambo hilo kwa miaka, na ni haki yao. Faida hiyohiyo imeiangukia na Tromelin. Mchanga unaweza kuendelea kuhama unavyotaka, leseni za jodari zitaendelea kukatwa kwa kufuata ramani iliyokwisha kuwekwa kwenye faili.